Vipodozi Visivyo na Sumu: Jina Lililo Juu ya Kopo na Kilichomo Ndani

Msikilizaji, mataifa mengi yamepiga marufuku krimu zenye kudhuru ngozi, lakini Afrika Kusini ilikwenda hatua moja mbele zaidi: ilipiga marufuku hata maneno. Kanuni zilizotolewa nchini humo mwaka 1990 ziliiondoa kemikali ya hidrokwinoni katika vipodozi, na papo hapo zikawakataza watengenezaji na wauzaji kudai kwamba vipodozi vyao vinachubua ngozi, vinapunguza weusi wake au vinaifanya kuwa nyeupe. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa serikali kukiri katika sheria kwamba sumu haiingii mwilini kupitia krimu peke yake. Huanza kuingia kupitia neno lililoandikwa juu ya kopo.

Miaka zaidi ya thelathini imepita, na maneno mengine yamechukua nafasi ya yale yaliyokatazwa. Katika maduka ya kifahari ya Rosebank na Sandton, kaskazini mwa jiji la Johannesburg, rafu zimejaa vichupa vyenye picha za majani na maua, vikitangaza kuwa vilivyomo ni vya asili, havina sumu, havina kemikali. Mwendo mfupi kutoka huko, katika mitaa ya Yeoville na Hillbrow, wanakoishi wahamiaji wengi kutoka Kongo, Zimbabwe, Nigeria na kwingineko, meza za wauzaji hupangwa krimu za aina nyingine, na ahadi zake ni za zamani: weupe kwa siku chache. Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi husikika katika soko la Yeoville, na neno mkorogo, linalojulikana vyema kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, halihitaji mkalimani.

Kati ya meza hizo na rafu zile anasimama mwanamke aliyeamua kubadili njia. Hataki tena krimu iliyomwachia mabaka, anataka kujaribu vipodozi salama. Swali linalomkabili ni gumu kuliko linavyoonekana: je, neno salama lina uzito gani, na nani amelipima?

Ili kulijibu swali hilo, ni vyema kutazama jinsi mji huo ulivyofika ulipo. Krimu za kuchubua ngozi zilianza kuuzwa kwa wingi kwa Waafrika wa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, na kiambato chake kikuu kilikuwa zebaki. Madini hayo huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani rangi ile inayoipa ngozi weusi wake na kuikinga dhidi ya jua. Lakini zebaki haibaki kwenye ngozi. Hupenya hadi katika damu, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na huweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Hugeuka pia kuwa mvuke, hukaa katika taulo na mashuka, hata watu wa nyumba nzima wakadhurika ingawa mpakaji ni mmoja.

Hidrokwinoni ilikuja baadaye, na historia yake ina mafunzo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani, wafanyakazi weusi wa kiwanda kimoja cha ngozi za wanyama waliona mabaka meupe yakijitokeza mikononi mwao. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa kemikali ya jamii ya hidrokwinoni iliyotiwa katika mpira wa glavu zao. Jambo lililokuwa ajali ya kazini likageuka kuwa wazo la biashara. Kufikia miaka ya 1960 hidrokwinoni ilikuwa ikitiwa katika krimu zilizouzwa Afrika Kusini, na ikasifiwa kuwa mbadala salama wa zebaki. Hivyo basi, msikilizaji, neno salama si geni katika biashara hii. Lilitumika kuuza hata kile kilicholeta madhara makubwa zaidi.

Johannesburg ilikuwa kitovu cha biashara hiyo. Ndugu wawili mapacha, Abraham na Solomon Krok, ambao kitaaluma walikuwa wafamasia, walijenga kampuni yao ya Twins, na miongoni mwa bidhaa zake mashuhuri zilikuwa krimu za Super Rose kwa wanawake na He-Man kwa wanaume. Wakati huo biashara hiyo haikuvunja sheria. Miaka mingi baadaye, ndugu hao walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa mradi uliopewa leseni ya kasino katika eneo la Gold Reef City, na kutokana na mradi huo likajengwa Jumba la Makumbusho ya Ubaguzi wa Rangi, lililofunguliwa mwaka 2001. Wapo watu mjini humo ambao hawapiti mbele ya jengo hilo bila kuukumbuka mnasaba huo.

Mwaka 1975, daktari wa ngozi George Findlay wa Pretoria pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza taarifa kuhusu ugonjwa uliokuwa ukionekana kwa wagonjwa wao. Nyuso za watumiaji wa krimu za hidrokwinoni zilikuwa zimeingia mabaka ya rangi ya bluu iliyokoza na kahawia, hasa mashavuni na kandokando ya macho, na ngozi imekuwa nene yenye vipele vidogo vidogo. Madaktari huuita ugonjwa huo okronosi. Mitaani Afrika Kusini mabaka hayo huitwa chubaba. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 1989 baada ya kufanyika katika hospitali mbili kubwa nchini humo, uliyakuta mabaka hayo kwa asilimia 42 ya wanawake na asilimia 15 ya wanaume waliochunguzwa.

Ukatili wa ugonjwa huu uko katika mzunguko wake. Mwanamke hupaka krimu ili apunguze weusi. Mwanzoni ngozi hubadilika, naye hufurahi. Baada ya miezi au miaka ya kupaka na kutembea juani, chembe za rangi hukusanyika katika tabaka la ndani la ngozi, mahali ambapo krimu haifiki, na uso huanza kuwa mweusi kuliko ulivyokuwa. Mwanamke hudhani dozi haitoshi, akaongeza. Kila anavyoongeza ndivyo mabaka yanavyozidi, na mengi hayaondoki tena. Wapo mabibi wa Soweto ambao hadi leo wamebeba mashavuni alama za krimu walizozinunua wakiwa wasichana.

Upinzani haukutoka kwa madaktari peke yao. Vuguvugu la Kujitambua kwa Watu Weusi liliitazama krimu hiyo kama ushahidi wa jeraha lililo ndani zaidi ya ngozi. Steve Biko, alipotoa ushahidi mahakamani Pretoria mwaka 1976, alizungumzia wanawake wanaojichubua pale alipoeleza maana ya kusema kwamba weusi ni uzuri. Katika miaka ya 1980, madaktari wa ngozi, waandishi wa habari na vyama vya watumiaji wa bidhaa waliungana kushinikiza. Serikali kwanza ilipunguza kiwango cha hidrokwinoni hadi asilimia 2, na ilipoonekana kwamba hata kiwango hicho hakikuwalinda watu wanaopaka kila siku chini ya jua kali, ndipo zikaja kanuni za mwaka 1990. Mwanahistoria Lynn Thomas wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ambaye mwaka 2020 alitoa kitabu kuhusu historia ya krimu hizi, anaonyesha wazi kwamba ushindi huo ulizaliwa na muungano wa sayansi na siasa za ukombozi.

Ama kwa upande wa nchi nyingine, ziliifuata njia hiyo kwa kuchelewa. Umoja wa Ulaya uliiondoa hidrokwinoni katika vipodozi vya ngozi mwaka 2001. Kenya, Tanzania na Rwanda nazo zimekataza vipodozi vyenye hidrokwinoni au zebaki. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka ukomo wa sehemu moja ya zebaki katika milioni kwa vipodozi, na mwaka 2023 mataifa wanachama yalikubaliana mjini Geneva kuuondoa hata ukomo huo, ili kufikia mwaka 2025 zebaki isitiwe kabisa katika vipodozi.

Hata hivyo, sheria husimama mpakani, ilhali krimu huvuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipopima krimu zilizokuwa zikiuzwa nchini humo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walikuta kwamba mchanganyiko wa zebaki, hidrokwinoni na steroidi kali ni jambo la kawaida katika bidhaa zinazotengenezwa nje ya nchi. Mjini Durban, utafiti ulioongozwa na Profesa Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya wanawake wenye asili ya Kiafrika na Kihindi waliohojiwa walikuwa wakitumia vipodozi vya kuchubua. Miaka ishirini na mitano baada ya marufuku, kiu ilikuwa bado haijakatika.

Hii ndiyo sababu mwanamke wa Johannesburg anayetaka kubadilisha vipodozi hawezi kuitegemea sheria peke yake. Anapaswa kusoma kopo. Lebo isiyoorodhesha viambato ni onyo la kwanza, na krimu iliyochotwa kutoka chombo kikubwa na kutiwa katika kopo dogo lisilo na maandishi haina wa kuitolea ushahidi. Zebaki huweza kujificha nyuma ya jina la calomel au herufi mbili, Hg. Hidrokwinoni huweza kuandikwa quinol. Maneno clobetasol na betamethasone ni majina ya steroidi, ambazo ni dawa za kutibu magonjwa ya ngozi kwa maelekezo ya daktari, wala si vipodozi. Dalili nyingine hujulikana na wachache: krimu yenye maelekezo ya kuiepusha na vito vya dhahabu, fedha au alumini huenda ina zebaki, kwa kuwa zebaki hushikamana na madini hayo. Krimu isiyofaa kugusana na pete haifai kugusana na shavu.

Lakini kuikimbia meza ya mtaani na kuingia duka la kifahari si mwisho wa safari, kwani maneno asilia na haina sumu nayo yanahitaji kusomwa kwa jicho lile lile. Zebaki ni kitu cha asili, huchimbwa ardhini. Wanja wa kale wa mawe, ambao akina mama wa pwani ya Afrika Mashariki na wa nchi za Ghuba wameutumia kwa vizazi, mara nyingi husagwa kutokana na jiwe lenye risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Juisi ya ndimu, inayosifiwa na wengi kuwa dawa ya madoa, huweza kuunguza ngozi ikikutana na jua. Hina halisi ni kipodozi cha heshima, lakini hina inayogeuzwa nyeusi kwa kuchanganywa na rangi ya nywele, ile inayoitwa piko, imewaachia maharusi malengelenge mikononi, na wengine mzio usiokwisha maisha yao yote.

Kinyume chake pia ni kweli. Mafuta ya mgando hutokana na petroli, wala hakuna jani lolote juu ya kopo lake, lakini yakisafishwa vizuri ni miongoni mwa vitu vinavyoisumbua ngozi kwa uchache kabisa. Vihifadhi, ambavyo matangazo hujivunia kuviondoa, ndivyo vinavyozuia bakteria na kuvu wasizaliane katika krimu yenye maji. Krimu ya maji isiyo na kihifadhi, ikikaa wiki kadhaa katika chumba chenye joto na kuchovywa kwa vidole kila asubuhi, huweza kuwa bustani ya vijidudu. Na ahadi ya kutokuwa na kemikali haina maana yoyote, kwa sababu maji yenyewe ni kemikali.

Pamoja na hayo, ardhi ya kusini mwa Afrika imebarikiwa mambo mema. Mafuta ya mbegu za marula, mti ambao Tanzania hujulikana kwa jina la mng'ongo, hulainisha ngozi kavu. Hali kadhalika mafuta ya mbuyu na utomvu wa mshubiri. Wanawake wa Kixhosa na Kizulu tangu zamani wamejipaka udongo mwekundu uitwao ibomvu na udongo mweupe uitwao umcako ili kujikinga na jua, na udongo huo ungali ukiuzwa katika masoko ya dawa za jadi mjini Johannesburg. Watafiti walipoupima waligundua kwamba unakinga kweli, ila kwa kiwango kidogo. Busara ya wazee ilikuwa na msingi, lakini kwa mtu mwenye mabaka haitoshi peke yake.

Kinga ya jua ndiyo nguzo ambayo wengi huisahau. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mahali panapoinuka ndivyo miale ya jua inavyokuwa mikali. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini ngozi iliyochubuliwa imevuliwa vazi hilo. Madaktari wa ngozi hupendelea krimu za kukinga jua zenye rangi kidogo, iliyotokana na oksidi ya chuma, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huweza kukoleza mabaka katika ngozi nyeusi. Rangi hiyo huondoa pia ule weupe wa chokaa ambao krimu nyingi za jua huuacha usoni.

Namna ya kujaribu kipodozi kipya ni rahisi, ila inadai subira. Kidogo tu hupakwa ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa muda wa siku saba hadi kumi. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa pekundu, bidhaa hiyo haifai, hata kama ni ya bei kubwa namna gani. Pakitulia, huhamishiwa usoni. Hujaribiwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa maana anayebadilisha sabuni, mafuta na poda siku moja hatajua kipi kilimdhuru na kipi kilimfaa. Ngozi huhitaji takriban mwezi mzima kujifanya upya, hivyo hukumu ya wiki ya kwanza si hukumu.

Kwa mwanamke anayeacha mkorogo, subira hiyo ni mtihani mkali. Krimu nyingi za magendo zina steroidi, na ngozi iliyozoea steroidi hulipiza kisasi inaponyimwa: huwaka moto, hutoa chunusi, huwa nyekundu au nyeusi kwa wiki na hata miezi. Wengi hurudi kwenye kopo la zamani wakati huo, wakiamini kwamba kipodozi kipya ndicho kibaya, ilhali kisa chake ni krimu iliyoachwa. Mtu aliyetumia krimu kali kwa miaka mingi, au mwilini mwote, anashauriwa asiache ghafla bila kumwona daktari, kwani steroidi nyingi huweza kuwa zimezilaza tezi za mwili zinazotengeneza homoni muhimu. Aliye mjamzito au anayenyonyesha asingoje.

Katika kipindi hicho cha kungoja, vipodozi vya kujipambia vina kazi ya heshima. Poda na foundesheni yenye rangi ileile ya ngozi, ikijaribiwa kwenye taya nje ya duka katika mwanga wa mchana, huyafunika mabaka bila kuyapalilia. Kwa mwanamke anayepaswa kusimama mbele ya wateja au wanafunzi kila asubuhi, stara hiyo ndogo ndiyo inayompa nguvu ya kuvumilia mwezi mmoja zaidi.

Msikilizaji, kuna jambo moja ambalo hakuna lebo inayoweza kulitatua. Aliyetunga kanuni za mwaka 1990 aliweza kulifuta neno kwenye kopo, lakini hakuweza kulifuta kwenye vinywa vya watu. Msichana anayeambiwa na shangazi zake kwamba dada yake ni mzuri kwa sababu ni mweupe amekwisha kuuziwa krimu kabla hajafika sokoni. Mchumba anayesifu weupe, bwana harusi anayeuulizia, tangazo linalomweka mweupe katikati na mweusi pembeni, wote ni wachuuzi wasio na meza.

Ndiyo maana kazi ya kuondoa sumu katika vipodozi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maabara, forodha na msomaji makini wa lebo, na katika hiyo Afrika Kusini imetoa mfano ambao majirani zake wanaendelea kuufuata. Ya pili ni ya nyumbani, na haihitaji maabara. Huanza pale mtoto wa kike anaposikia, kabla ya kuambiwa lolote na kopo lolote, kwamba ngozi aliyozaliwa nayo haina doa la kuondolewa.